Usiku wa kuchangia shule: jinsi ya kuuandaa bila sherehe kula hela yote

Niwe mkweli tu, mara ya kwanza tulipofanya usiku wa wazazi shuleni kwetu (shule ya msingi ya serikali, huku Tabata, Dar es Salaam) tulipendeza kweli kweli. Ukumbi wa kukodi, vitambaa vya dhahabu kwenye viti, keki ya ghorofa tatu, MC wa maharusi, yaani ungepita nje ungesema kuna mtu anaolewa. Jumatatu mweka hazina wetu akapiga hesabu, imebaki laki mbili na kidogo. Watu 130 wamevaa, wamekula, wamecheza mpaka saa sita, halafu kilichobaki hakifikishi hata choo kimoja kwenye lenta. Na shida ni kwamba wazazi walishajua "tumechanga", kwa hiyo ukienda kuwaomba tena wanakuangalia hivi.

Tumefanya tena mara mbili toka hapo na sasa angalau tunaelewa. Nilichojifunza ni kimoja, hela ya shule inatafutwa KABLA ya usiku wenyewe. Usiku ni wa kumalizia na kushukuru. Ukienda ukumbini ukitegemea watu wataguswa na hotuba watoe, utarudi na ahadi mfuko mzima na keshi ya kulipa turubai.

Anza na kitu unachochangia, na kiwe kitu kinachohesabika. Usiseme "maendeleo ya shule", hakuna mtu anatoa hela kwa maendeleo ya shule, maendeleo ya shule ni mtu gani? Sisi mwaka wa pili tulichukua vyoo vya wasichana. Kiwango cha serikali ni tundu 1 kwa wasichana 20, na kwa wavulana tundu 1 kwa 25. Tukahesabu, wasichana 480, kwa hiyo yalitakiwa matundu 24, yaliyopo yanayofanya kazi 9. Hiyo tu, 24 na 9, tukaandika kwenye karatasi kubwa tukabandika getini wiki nne kabla. Wababa wanaoleta watoto na bodaboda asubuhi walikuwa wanasimama pale wanasoma, mmoja akaniuliza "sasa hawa wengine wanajisaidia wapi?" nikamwambia wanasubiri foleni, na wakubwa wale wa darasa la sita na la saba wakiwa kwenye siku zao hawaji kabisa. Huyo baba hakuhitaji kadi, alitoa mabati palepale kwa mdomo na akayaleta kweli.

Kama hitaji lako ni madawati, hesabu madawati, watoto watatu dawati moja. Kama ni uji wa watoto, hesabu kilo za unga kwa mwezi. Kitu chochote ambacho mtu anaweza kusema "mimi nabeba kile pale".

Sasa kibali, na hapa usiruke hata kama una haraka. Shule za serikali hela ni jambo la kuungulia vidole. Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015 ulifuta ada na michango, elimu bila malipo ikaanza Januari 2016, halafu mwaka 2018 Rais Magufuli akaja juu tena kuhusu michango mashuleni na walimu wakuu wengi wakaogopa hata kutaja neno mchango, wengine mpaka leo. Ndo maana ukienda kwa mwalimu mkuu na wazo lako utaona anakohoa kohoa. Usimlaumu. Mpe kitu cha kujilinda nacho: muhtasari wa kikao cha wazazi wenye sahihi unaosema wazazi wenyewe wameamua, barua ya kamati ya shule, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa afisa elimu kata. Mwalimu asishike hela, asigawe kadi, asisome majina. Na kwenye kadi andikeni HIARI kwa herufi kubwa. Kosa baya kuliko yote ni kumpa mtoto kadi aipeleke nyumbani afu mwalimu wa darasa awe anatiki nani kalipa, hapo umeshatoka kwenye hisani umeingia kwenye kesi, na mtoto ambaye mama yake hana utamfanya asije shule.

Pia pitia serikali ya mtaa uwaambie kutakuwa na muziki na utaisha saa ngapi, na waulize kama kwenu polisi nao wanataka barua. Majirani wa shule wape taarifa mapema, yule mzee wa nyumba ya nyuma mpe kadi ya bure kabisa.

Tarehe. Jamani Januari msiiguse, kila mtu ana sare na madaftari na kodi ya nyumba. Masika nayo, Machi mpaka Mei, kama mnafanyia nje mtalia. Ramadhani hapana, na wiki za mtihani wa darasa la saba Septemba shule haitaki hata kukusikia. Sisi tunapenda Julai au Agosti, kumekauka, kuna kaubaridi, Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara. Kwa nini Jumamosi jioni? Kwa sababu Ijumaa watu wako kwenye foleni ya barabara ya Mandela mpaka saa mbili usiku, Jumapili kesho yake kuna shule. Na kuna jambo dogo ambalo wengi hawalioni, wazazi Wasabato hawawezi kuja kabla jua halijazama, na wazazi Waislamu wanataka waswali Magharibi kwanza. Zote mbili zinaishia muda uleule! Kwa hiyo sisi kadi inasema saa kumi na moja, wa mapema wanakuja kula sambusa na kupiga soga, watoto wanaimba, lakini jambo la hela haliguswi mpaka saa moja na nusu wote wakiwa wamekaa. Mwaka wa kwanza tuliendesha mnada saa kumi na mbili na robo, nusu ya viti vitupu, watu wako msikitini.

Mahali: fanyeni shuleni. Najua kuna watu watasema shuleni hapana hadhi, sijui vumbi, sijui taa. Ukumbi unakula hela na unaficha shida. Shuleni mtu anaomba kwenda chooni na anakuta hali halisi mwenyewe, hakuna MC anayeweza kushindana na hiyo. Kodi turubai mbili, viti, taa za kutosha, na jenereta hata kama TANESCO hawajakata wiki nzima, maana watakata siku hiyo. Fagieni na mwagieni maji uwanja asubuhi na tena saa tisa. Na ikiwa ni shuleni basi pombe hapana, soda, maji na juisi ya ukwaju vinatosha. Watalalamika wawili watatu, wataenda zao kwa mangi baadaye.

Hesabu sasa, hapa ndo watu wanapigwa. Chukua mfano wa kadi 150 za 20,000, inakuja 3,000,000. Inapendeza eh? Haya toa: chakula cha kununua tuseme 6,000 kwa sahani, 900,000. Turubai na viti 300,000. Muziki 200,000. MC 150,000. Jenereta na mafuta 80,000. Umeshafika 1,630,000, zaidi ya nusu imeliwa na bado hujaweka mapambo wala "bahasha ya mgeni rasmi". Sheria yetu ya kamati ni kwamba matumizi yasizidi theluthi ya mauzo ya kadi. Ikizidi, tunakata kitu, hatupandishi kadi.

Tunaikataje? Chakula tunapika wenyewe. Kilo moja ya mchele kwa watu sita kwenye pilau, kwa hiyo watu 150 ni kilo 25, nyama kilo 20 (ukisema 25 hutakosea lakini ukisema 12 watu watakuwa wanatafuta nyama kwa tochi), vitunguu, viazi, bizari, kachumbari ya kutosha, ndizi mbivu moja kila sahani. Mchele tumwombe mzazi mwenye duka la jumla, nyama tumwombe mwenye bucha, kila mmoja aombwe kitu chake cha dukani, siyo hela. Mtu mwenye duka kukupa 200,000 keshi anaumwa, kukupa mchele ambao kaununua kwa bei ya jumla anatoa huku anacheka. Wapishi ni wamama wetu sita na baba mmoja ambaye aliwahi kupika kambini, huyo ndo bosi wa moto na asiingiliwe. Kadi ni za WhatsApp, kuna kijana wa mzazi anazitengeneza kwenye simu, za karatasi tunaprinti 30 tu kwa ajili ya wazee na wageni. MC ni mwalimu mstaafu wa hapohapo, anawajua wazazi kwa majina na wengine aliwachapa fimbo, kwa hiyo akimwita mtu jina haendi kujificha.

Mgeni rasmi, nina maoni makali kidogo. Ukimchukua mwanasiasa mkubwa utamsubiri masaa mawili, atakuja na watu kumi na mbili wa kulishwa, ataongea dakika arobaini, atatoa ahadi ya simenti mifuko 100 watu wapige makofi, na hiyo mifuko utaifuatilia mpaka viatu viishe. Siyo wote, wapo wanaolipa palepale. Lakini sisi mwaka huu mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alisoma shule hiyohiyo, alikuja na Canter, mifuko imo ndani. Aliongea dakika nne.

Kuuza kadi. Usitegemee grupu la WhatsApp. Grupu litakupa dole gumba na "hongereni kamati", ukiangalia tiki za bluu ni watu 90, waliolipa wanne. Gawa wazazi kwa madarasa, kila darasa mzazi mmoja wa kuuza, awe na orodha ya watu kumi na tano tu na awapigie SIMU mmoja mmoja. Single 20,000, double 35,000, na meza ya watu kumi kwa laki mbili na nusu hii uza kwa vikundi, vikoba, kijiwe cha bodaboda, kwaya, timu ya jogging. Kijiwe cha bodaboda pale kona walinunua meza mwaka jana, walikuja na reflekta zao wamezifua, na ndo meza iliyochangamka kuliko zote.

Waliosoma hapo zamani msiwasahau, kila shule ina wake walioko Muscat, Dubai au Uingereza huko. Hawaji kula pilau lakini ukiwatumia picha ya darasa walilokalia na orodha ya vitu na bei, mmoja anabeba milango yote. Muhimu watumie ripoti baada, ukikaa kimya mara moja umewapoteza. Picha wapigieni majengo, siyo nyuso za watoto, sheria ya kulinda taarifa binafsi ipo tangu 2022 na hata kama isingekuwepo, mzazi hapendi kuona mwanae kwenye stetasi ya mtu asiyemjua chini ya maneno ya kuomba.

Lengo letu ni nusu ya hela yote tunayotafuta iwe imeshaingia siku tatu kabla. Ikiwa haijafika tunaahirisha wiki mbili. Tuliahirisha mara moja, aibu ilikuwa ya siku moja.

Kupokea hela siku yenyewe. Meza moja tu ya mapokezi karibu na geti, watu wawili wasio ndugu, daftari kubwa lenye mistari: jina, kiasi, keshi au simu, namba ya muamala, sahihi. Lipa Namba mbili za mitandao tofauti, zimesajiliwa kwa jina la umoja wa wazazi, siyo namba ya simu ya katibu! Hata kama katibu ni malaika. Mtu akilipia Lipa Namba jina linamtokea kabla hajaweka namba ya siri, akiona jina la mtu binafsi anasita. Mwaka wa pili mtandao ulikwama saa moja unusu kamili, watu wamelipa lakini meseji haziingii kwetu, foleni imefika kwenye mwembe, mtu anasema "nimekatwa mimi" anaonyesha simu, mwingine naye kakatwa. Tuliokolewa na daftari, kila mtu akaandikwa namba ya muamala kutoka kwenye simu yake akaenda kukaa, saa nne usiku meseji zikamiminika zote kwa pamoja tukatiki. Chenji pia andaeni, noti za elfu mbili na elfu tano za kutosha, kila mtu anakuja na nyekundu ya elfu kumi.

Bahati nasibu watu wanaipenda, ila michezo hiyo ina mwenyewe, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa hiyo msiuze tiketi za kushindania friji bila kuwauliza. Na kuna wazazi ambao kidini hawaitaki kabisa. Mnada hauna shida hizo na unaingiza zaidi.

Mnada wenyewe uwe mfupi, vitu vitano basi. Nikueleze wa jogoo. Mama mmoja muuza maandazi hakuwa na hela ya kadi, akaleta jogoo, mwekundu, mkubwa, kafungwa miguu kwa kitambaa cha kanga. Mwalimu akaanza naye 10,000. Akapanda mpaka 45,000, baba mmoja akamchukua, akamshika juu kila mtu amwone, akasema "namrudisha". Akauzwa tena. Meza ya bodaboda wakachangishana 60,000, nao wakamrudisha. Jogoo yule aliuzwa mara saba, mwisho alimchukua mgeni rasmi akampa mlinzi wa shule, na muda wote yule mama wa maandazi alikuwa amesimama nyuma karibu na masufuria kaziba mdomo na upande wa kanga. Jogoo peke yake aliingiza 385,000. Keki ya ghorofa tatu ya mwaka wa kwanza ilitugharimu laki moja na themanini na iliuzwa tisini.

Baada ya mnada ndo orodha ya vitu. Siyo "nani anatoa milioni?", maana wenye milioni ni wawili na wengine mia na arobaini wanaangalia chini. Ubao uwepo pale mbele: simenti mifuko kadhaa, bati, milango, sinki, rangi, tofali moja moja. Bei ya siku hiyo pembeni ya kila kitu. Mtu anachagua size yake, mwenye elfu tano ana tofali zake na jina lake linaandikwa kwa chaki ileile. MC asitaje "huyu katoa kidogo lakini", akithubutu mnyang'anye kipaza sauti. Dakika arobaini, mkishazidi hapo watu wanaanza kutafuta funguo za gari.

Kisha fungulieni muziki watu wacheze, na hii msiibane. Kucheza nako ni kazi, wazazi ambao hawajawahi kusalimiana getini wanajuana, mwakani ukimpigia simu unampigia mtu uliyecheza naye kwaito. Ila mwisho saa nne, kama mlivyomwahidi mwenyekiti wa mtaa.

Keshi ihesabiwe kabla muziki haujaisha, ofisini, watu watatu, mmoja awe mzazi ambaye hayuko kwenye kamati. Iandikwe kwenye karatasi mbili, sahihi tatu, halafu ipelekwe kwa wakala wa jirani kabla hajafunga iingie kwenye akaunti. Mweka hazina asilale na hela ndani. Siyo kwamba hatumwamini, ni kwamba mtaa mzima umeona mnada.

Ahadi: fuatilieni ndani ya siku kumi na nne. Baada ya hapo zinayeyuka, mwaka wa kwanza zetu ziliyeyuka karibu nusu. Jumanne tuma meseji ya shukrani kwa mtu binafsi, siyo grupu, ukitaja kitu chenyewe, "Baba Neema asante kwa milango miwili, fundi anaanza tarehe fulani". Haina neno deni ndani yake lakini kila mtu anaelewa. Na mtu akishindwa kweli, mfutieni kimyakimya, msimbandike.

Ripoti ya mapato na matumizi, ukurasa mmoja, ibandikwe palepale getini ilipokuwa 24 na 9, mpaka hela ya chumvi na viberiti. Sisi sasa hivi karatasi ya getini inasomeka 24 na 15.

Ah, na masufuria ya kukodi yarudi Jumapili kabla ya saa sita mchana, yameoshwa. Wanahesabu siku ya pili nzima hata ukichelewa nusu saa, na kifuniko kimoja lazima kipotee, kwa hiyo hesabuni vifuniko wakati wa kupokea.